Kutoka Chupa ya Tabibu hadi Viashiria vya Mkojo: Historia ya Kutambua Madhara ya Viuavijasumu kwenye Figo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kuutumia mkojo kama ushahidi wa kuumia kwa figo, hususan kunakosababishwa na viuavijasumu. Yanaanzia kwenye utabibu wa Kiarabu wa Zama za Kati, yanapitia karne ya 19 na ya 20 ambapo ushahidi huo ulihama kutoka kwenye mkojo kwenda kwenye damu, na kuishia kwenye viashiria vya kibaiolojia vilivyotambuliwa tangu mwaka 1998. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya historia hii ilikuwa mabishano kuhusu kitu gani kistahili kuitwa dalili, na kwamba mabishano hayo hayajamalizika. Makala yanaonyesha pia kuwa Kiswahili, kilichorithi maneno dalili na tafsiri kutoka Kiarabu, kinayo nyenzo ya kuyaeleza maarifa haya kwa mgonjwa, mradi mipaka ya maneno hayo itazamwe upya.

Maneno ya msingi: figo, mkojo, viuavijasumu, dalili, kiashiria, istilahi za tiba

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayedungwa jentamisini kwa siku kadhaa anaweza kuumia figo bila yeye wala mhudumu wake kujua. Hasikii maumivu kiunoni, hapati homa mpya, na mara nyingi mkojo wake huendelea kutoka kwa kiasi cha kawaida. Katika mazungumzo ya kila siku ya wasemaji wa Kiswahili, maradhi ya figo huhusishwa na kuvimba uso na miguu, au na mkojo kufunga. Madhara ya kundi hili la dawa hayana desturi ya kuanza hivyo. Huanza kimyakimya ndani ya seli za mirija ya figo, na damu huyatangaza siku kadhaa baadaye, wakati sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea.

Ni kwa sababu hiyo watafiti wa tiba wamekuwa wakitafuta katika mkojo kitu kinachoweza kusema mapema zaidi. Kitu hicho huitwa kiashiria cha kibaiolojia, yaani kitu kinachopimika mwilini ambacho huonyesha hali ya afya, hali ya maradhi, au namna mwili unavyoipokea dawa. Viashiria vinavyozungumziwa hapa ni protini na vimeng'enya vinavyoingia katika mkojo pale seli za figo zinapoumia au zinaposhindwa kufanya kazi yake.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria: imekuwaje mkojo, uliokuwa ushahidi wa kwanza wa tabibu, ukawekwa kando kwa ajili ya damu, kisha ukarudishwa tena? Swali la pili ni la kiisimu na linatokana na la kwanza: Kiswahili kimeupokeaje mwendo huo, na mgonjwa anapoambiwa kwa lugha yake kuwa hana dalili, anaambiwa nini hasa? Mjadala unafuata mpangilio wa wakati, kisha unageukia hali ya Afrika Mashariki na Kati na suala la istilahi.

2.0 Mkojo, Dalili na Tafsiri

Katika utabibu wa Kiarabu wa Zama za Kati, kuutazama mkojo kulikuwa sehemu ya kawaida ya kumchunguza mgonjwa. Mkojo uliwekwa katika chupa ya kioo angavu, na tabibu akatazama rangi yake, uzito wake, weupe au ukungu wake, mashapo yaliyotulia chini na povu lililokaa juu. Ishaq ibn Sulayman al-Israili, tabibu aliyezaliwa Misri na kufanya kazi Kairouan katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu mkojo. Katika karne ya 11 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na Constantinus wa Afrika, aliyekuwa mtawa huko Monte Cassino, na kwa muda mrefu kikawa miongoni mwa vitabu vya msingi vya mafunzo ya udaktari Ulaya.

Ibn Sina naye, katika Kanuni yake ya tiba, hakuishia kuorodhesha rangi. Aliweka masharti ya kuchukua mkojo wenyewe: uwe wa asubuhi baada ya usingizi, usikae muda mrefu kabla ya kutazamwa, na mgonjwa asiwe amekula kitu chenye kutia rangi, kama zafarani. Masharti hayo yana uzito mkubwa katika historia hii. Yanaonyesha kuwa tabibu wa zama zile alijua kuwa ishara inaweza kudanganya, na kuwa kazi ya kwanza ya msomaji wa ishara ni kutenga kile kinachotokana na maradhi na kile kinachotokana na mambo mengine.

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya kazi hiyo. Kamusi kubwa ya Kiarabu iitwayo Lisan al-Arab, ya Ibn Manzur aliyefariki mwaka 1311, inaeleza chini ya mzizi f-s-r kuwa tafsira ni mkojo ambao matabibu huutazama, wakipata kutokana na rangi yake uthibitisho wa ugonjwa wa mtu. Kitenzi kinachotumika katika maelezo hayo kwa maana ya kupata uthibitisho kinatokana na mzizi d-l-l. Mizizi hiyo miwili ndiyo iliyokipa Kiswahili maneno tafsiri na dalili. Haidaiwi hapa kwamba Waswahili waliyapokea maneno hayo wakiwa na chupa ya mkojo mikononi. Njia yake kuu ilikuwa elimu ya dini na sheria. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika lugha yalikotoka, kufasiri na kutoa dalili yalikuwa matendo yaliyokutana katika mkojo wa mgonjwa. Mkojo ulikuwa matini, na tabibu alikuwa msomaji wake.

3.0 Ushahidi Wahamia kwenye Damu

Ulaya iliendelea na desturi hiyo hadi ikageuka mazoea ya kubahatisha, kiasi cha watu kudai kuwa wanaweza kutambua kila ugonjwa kwa chupa ya mkojo bila kumwona mgonjwa. Heshima ya mkojo ilirudishwa na kemia. Mwaka 1764 Domenico Cotugno wa Napoli alieleza kuwa mkojo wa mgonjwa aliyevimba mwili uliganda ulipochemshwa, mithili ya ute wa yai. Mwaka 1827 Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, aliunganisha mambo matatu yaliyokuwa yakitajwa mbalimbali: mwili kuvimba, mkojo unaoganda kwa moto, na figo zilizoharibika zilizoonekana baada ya kifo. Vifaa vya kipimo hicho vilikuwa kijiko na mshumaa. Kwa mara ya kwanza kitu kilichomo ndani ya mkojo kilifungamanishwa kwa uthabiti na kiungo kimoja cha mwili.

Hata hivyo, kipimo cha Bright kilisema kuwa figo ni mgonjwa, lakini hakikusema figo inafanya kazi kwa kiasi gani. Jibu la swali hilo lilikuja kupitia kreatinini, taka inayotokana na misuli na kutolewa mwilini na figo. Mwaka 1886 Max Jaffe aliona kuwa kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki katika mazingira ya alikali hutoa rangi ya machungwa yenye wekundu. Mwaka 1904 Otto Folin aliigeuza rangi hiyo kuwa njia ya kupimia kiasi, na mwaka 1926 Poul Brandt Rehberg wa Denmark aliitumia kreatinini kukadiria kasi ya figo ya kuchuja damu. Tangu hapo ushahidi mkuu ulihamia kwenye damu: kreatinini ikipanda, kazi ya figo imeshuka.

Kipimo hicho kilishinda kwa sababu ni rahisi, ni nafuu na kinatoa namba moja. Lakini kilibeba kasoro tatu. Kwanza, huchelewa. Figo zina akiba kubwa ya nguvu, na kreatinini haipandi waziwazi mpaka takriban nusu ya uwezo wa kuchuja umepotea. Pili, hutegemea misuli. Mtu aliyekonda kwa njaa au kwa maradhi ya muda mrefu huzalisha kreatinini kidogo, hivyo namba yake yaweza kuonekana njema ilhali figo zake zimedhoofika. Tatu, dawa zenyewe huivuruga. Trimethoprimu, ambayo ni sehemu ya dawa ya kotrimoksazoli inayojulikana na wengi kwa jina la Septrin, huzuia mirija ya figo kuitoa kreatinini, na namba ikapanda bila figo kuumia. Sefoksitini nayo huingilia rangi ya Jaffe katika maabara. Zafarani ya Ibn Sina ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

4.0 Dawa Iponyayo na Kiungo Kinachoipokea

Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, Albert Schatz alitenga streptomisini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1944, na kwa mara ya kwanza kifua kikuu kikapata dawa ya kweli. Jaribio mashuhuri la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948, lenye wagonjwa 107, lilithibitisha nguvu ya dawa hiyo na pia lilionyesha hasara zake, hasa kizunguzungu kinachotokana na kuharibika kwa sikio la ndani. Ndugu zake walifuata: neomisini mwaka 1949, kanamisini mwaka 1957 kutoka kwa Hamao Umezawa wa Japani, jentamisini mwaka 1963, na amikasini mwaka 1972. Kundi hili huitwa aminoglikosidi.

Majina hayo yana habari ndani yake. Katika maandishi ya kimataifa, streptomisini, neomisini na kanamisini huandikwa kwa herufi y kabla ya silabi ya mwisho, kwa kuwa hutokana na jenasi ya Streptomyces. Jentamisini huandikwa kwa i, kwa kuwa hutokana na Micromonospora. Kiswahili kinapoyatohoa majina hayo huyapa yote tahajia moja, na tofauti ya asili hufutika. Si hasara kwa mgonjwa, lakini ni mfano mdogo wa jinsi istilahi inavyoweza kuvuka mpaka wa lugha na kuacha sehemu ya maana nyuma.

Aminoglikosidi huchujwa na figo bila kubadilika, na kiasi kidogo hunaswa na seli za mirija ya mwanzo. Mwaka 1995 watafiti wa Denmark na wenzao walionyesha kuwa mlango wa kuingilia ni protini iitwayo megalini, iliyopo juu ya seli hizo kwa ajili ya kurudisha mwilini protini ndogondogo zilizopita katika chujio. Dawa huingia kwa mlango uliowekwa kwa kazi nyingine, hurundikana katika vifuko vya kumeng'enyea vya seli, na mwishowe seli hufa. Kwa kawaida madhara hujitokeza baada ya siku 5 hadi 7 za matibabu. Makadirio yanayorudiwa katika maandishi ya tiba ni kuwa kati ya asilimia 10 na 25 ya wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa hizi hupata kiwango fulani cha madhara ya figo. Mara nyingi figo hupona dawa ikisimamishwa kwa wakati. Ndiyo maana muda una thamani.

Aminoglikosidi haziko peke yake. Kolistini, iliyogunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, iliachwa na hospitali nyingi kufikia miaka ya 1970 kwa sababu ya sumu yake kwa figo, kisha ikarudi pale bakteria sugu walipozishinda dawa nyingine. Vankomisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1958, nayo imebeba sifa hiyohiyo. Usugu wa bakteria umeilazimisha tiba kurudi kwenye dawa ilizozikimbia, na kwa hiyo kurudi kwenye swali la figo.

5.0 Mkojo Warudi: Vimeng'enya na Protini Ndogo

Kurudi kwa mkojo kulianza kabla ya enzi ya vinasaba. Mwaka 1968 Ingemar Berggård na Alexander Bearn walieleza protini ndogo waliyoitenga kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa, wakiwamo waliodhuriwa na sumu ya kadimiamu. Protini hiyo, beta-2 maikroglobulini, hupita katika chujio la figo kwa urahisi, kisha hurudishwa karibu yote na mirija. Ikionekana kwa wingi katika mkojo, mirija imeacha kuirudisha. Sambamba na hiyo kulikuwa na kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi NAG. Hicho ni kikubwa mno kupita katika chujio. Kikionekana katika mkojo, kwa kawaida kimetoka ndani ya seli za mirija zenyewe.

Mantiki ya vipimo hivi viwili inatofautiana na ya kreatinini. Kreatinini katika damu huonyesha kazi iliyopungua, ilhali beta-2 maikroglobulini na NAG huonyesha mahali palipoumia. Katika miaka ya 1970 watafiti walianza kuvitumia kwa wagonjwa wa jentamisini, na vikapanda mapema kuliko kreatinini.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Beta-2 maikroglobulini huharibika upesi katika mkojo wenye asidi, hivyo sampuli isiyotunzwa vyema hutoa jibu la uongo la usalama. NAG nayo ilipanda kwa wagonjwa wengi waliopewa dawa hizo, wakiwamo ambao kreatinini yao haikubadilika kamwe. Je, hao waliumia au hawakuumia? Waliokitetea kipimo walisema kinaona jeraha ambalo kreatinini hailioni. Waliokipinga walisema kipimo kinachopiga kelele kwa kila mtu hakimsaidii daktari kuamua ni nani asimamishiwe dawa. Katika wodi nyingi upande wa pili ulishinda. Ulinzi wa figo ulitafutwa kwingine: kupima kiwango cha dawa katika damu, na baadaye kutoa dozi yote mara moja kwa siku, kwa kuwa mlango wa megalini hujaa na dozi kubwa ya mara moja huingia kwenye seli kwa kiasi kidogo kuliko dozi zilizogawanywa.

6.0 Kizazi Kipya: 1998 hadi 2023

Mwaka 1998 Takaharu Ichimura, Joseph Bonventre na wenzao huko Marekani walieleza protini inayotengenezwa kwa wingi na seli za figo za panya zilizoumia, wakaiita KIM-1. Mwaka 2002 ilionekana katika mkojo wa binadamu. Protini nyingine, NGAL, ilikuwa imetambuliwa mwaka 1993 ndani ya chembe nyeupe za damu. Mwaka 2003 Jaya Mishra, Prasad Devarajan na wenzao walionyesha kuwa figo iliyoumia huitoa upesi sana. Mwaka 2005 kundi hilo lilichapisha matokeo ya watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Watoto 20 kati yao waliumia figo. NGAL katika mkojo wao ilipanda ndani ya saa 2. Kreatinini ilihitaji siku 1 hadi 3.

Mwaka 2008 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilikubali viashiria 7 vya mkojo, KIM-1 na beta-2 maikroglobulini vikiwamo, vitumike kutambua sumu kwa figo katika majaribio ya dawa kwa panya. Jentamisini ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotumika kuvipima viashiria hivyo: sumu inayojulikana iligeuzwa kuwa mizani ya kupimia kipimo. Mwaka 2018 mamlaka ya Marekani ilikubali kundi la viashiria 6 kwa ajili ya majaribio ya awali ya dawa kwa watu wenye afya, na NAG ya miaka ya 1970 ikarudi ndani ya kundi hilo. Katika wodi, mwaka 2014 kiliidhinishwa Marekani kipimo cha mkojo cha protini mbili kwa ajili ya watu wazima walio mahututi. Desemba 2023 kikafuata kipimo cha NGAL kwa wagonjwa mahututi wa umri wa miezi 3 hadi miaka 21.

Mabishano ya zamani hayakuisha. NGAL hutolewa pia na chembe nyeupe zinazopambana na vimelea, na mgonjwa anayepewa viuavijasumu kwa kawaida ana maambukizi tayari. Kipimo kikipanda, ni dawa inayoumiza figo, au ni ugonjwa wenyewe unaosema? Watafiti wengi wa leo wanaelekea kutumia viashiria kadhaa kwa pamoja na kuvisoma kwa kulinganisha siku na siku, badala ya kutegemea namba moja. Huko ni kurudi, kwa vifaa bora zaidi, kwenye usomaji wa mkojo kama matini yenye sehemu nyingi.

7.0 Afrika Mashariki na Kati katika Historia Hii

Eneo hili halikuwa mtazamaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika majaribio yaliyoonyesha kuwa kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na zaidi. Streptomisini ya sindano ilikuwa sehemu ya matibabu hayo. Tiba fupi inayotumika duniani leo ina mizizi katika miili ya wagonjwa wa ukanda huu.

Sindano ziliendelea kwa kifua kikuu sugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu tiba ya miezi 9 ulihusisha nchi 9 za Afrika, zikiwamo Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kanamisini ilikuwamo katika tiba hiyo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kanamisini na kapreomisini hazipendekezwi tena, na dawa za kumeza zikachukua nafasi. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, historia ya sindano inaelekea ukingoni.

Kwa watoto wachanga mambo ni tofauti. Majaribio yaliyofanyika Kongo, Kenya na Nigeria, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi makali, ambaye wazazi wake hawawezi kumfikisha hospitali, anaweza kutibiwa karibu na nyumbani kwa matibabu yaliyorahisishwa, yakiwamo ya jentamisini ya sindano pamoja na amoksilini ya kumeza. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa msingi huo kwa watoto wa umri wa siku 0 hadi 59. Huo ni uamuzi wa haki: maambukizi makali yasiyotibiwa huua mtoto mchanga upesi, na jentamisini kwa siku chache imeokoa maisha.

Lakini umri huo ukilinganishwa na wa kipimo cha Desemba 2023 pengo huonekana. Kipimo huanzia miezi 3. Mwongozo wa jentamisini huishia siku 59. Kipimo ni cha wodi ya wagonjwa mahututi. Mwongozo ni wa mahali ambapo hospitali haifikiki. Vipimo vya kizazi kipya vilipitia kwanza kwa panya wa makampuni ya dawa, kisha kwa watu wenye afya katika majaribio, kisha kwa wodi za gharama kubwa. Mtoto wa kituo cha afya, anayeipokea dawa yenyewe, hayumo katika mlolongo huo. Mwaka 2013 Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Figo ilianzisha mpango wenye lengo kwamba kufikia mwaka 2025 asiwepo mtu anayekufa kwa kukosa matibabu ya figo zilizoumia ghafla. Mwaka huo umefika, na katika vituo vingi hata kreatinini bado hupimwa kwa shida.

8.0 Dalili, Ishara na Kiashiria

Suala la istilahi linaingia hapa si kama pambo. Katika Kiswahili cha tiba cha leo, neno dalili hutumika zaidi kwa kile mgonjwa anachokihisi au kinachoonekana wazi: homa, kikohozi, maumivu. Ishara hutumika kwa kile mhudumu anachokitambua kwa kumchunguza mgonjwa. Kiashiria, neno lenye asili moja na ishara, limechukua nafasi ya kile kinachopimwa maabara. Mgawanyo huu una faida kwa mwandishi wa kitabu cha kiada. Kwa mgonjwa una hatari yake.

Mgonjwa wa aminoglikosidi akiulizwa kama ana dalili zozote, atajibu kwa ukweli kuwa hana. Mzazi akiambiwa kuwa mtoto hana dalili za ugonjwa wa figo, atasikia kuwa figo za mtoto ni nzima. Katika fomu ya ridhaa ya utafiti, sentensi isemayo kuwa mkojo utapimwa viashiria haimwambii msomaji wa kawaida kuwa kinachotafutwa ni ushahidi wa madhara ya dawa anayopewa. Neno jipya ni sahihi, lakini limetengwa na neno ambalo mgonjwa analielewa na kulipa uzito.

Historia iliyopitiwa hapa inapendekeza njia. Katika mizizi yake ya Kiarabu, dalili haikuwa maumivu ya mgonjwa. Ilikuwa kile kinachomwongoza msomaji kwenye ukweli uliofichika. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili nje ya hospitali, tunaposema dalili za mvua kabla tone halijadondoka. Kwa hiyo si kuibomoa lugha kumwambia mzazi: dawa hii inaweza kuziumiza figo kabla mtoto hajaonyesha chochote, tunautazama mkojo wake ili tupate dalili za mapema. Kiashiria kinaweza kubaki istilahi ya maabara na ya majarida. Lakini katika mazungumzo ya wodi, katika fomu za ridhaa na katika elimu ya afya, kielezwe kuwa ni dalili isiyohisiwa. Maelezo hayo yanasema kwa maneno mawili jambo ambalo wataalamu wa figo wametumia zaidi ya miaka 50 kulithibitisha.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa historia ya kutambua madhara ya viuavijasumu kwenye figo haikwenda kwa mstari ulionyooka. Mkojo ulikuwa ushahidi wa kwanza, ukapoteza heshima, ukaokolewa na kemia, ukawekwa nyuma ya damu, kisha ukarudi na protini ambazo Bright asingeweza kuziona kwa mshumaa wake. Katika kila hatua masharti ya Ibn Sina yameendelea kuulizwa kwa sura mpya: ni nini katika ishara hii kinatokana na maradhi, na ni nini kinatokana na mambo mengine?

Mambo mawili yanabaki kufanyiwa kazi. La kwanza ni la tiba: vipimo vya mkojo vipimwe na kuthibitishwa kwa watu wanaozipokea dawa hizi kwa wingi, wakiwamo watoto wachanga wa vituo vya afya na wagonjwa waliokonda ambao kreatinini huwadanganya waganga wao. La pili ni la lugha, na linawahusu wanaistilahi na wafasiri wa ukanda huu. Kipimo chochote kitakapofika kitafika na maelezo, na maelezo hayo yatatafsiriwa. Iwapo tafsiri itamwachia mgonjwa aelewe kuwa kutokuwa na maumivu ni kutokuwa na dalili, basi kipimo kitakuwa kimefika maabara bila kumfikia mgonjwa. Kiswahili, ambacho neno lake tafsiri lina undugu na chupa ya mkojo ya tabibu, hakina sababu ya kuruhusu hilo litokee.